Wembe ni ule ule

"Wa fundi au wa mwanafunzi?" Mangi aliniuliza bila kuinua macho, mkono wake tayari umeshafika kwenye kikopo cha nyembe juu ya rafu.

Lilikuwa swali la haki. Mtaani kwetu Magomeni, anayekuja dukani kununua wembe huwa ni mmoja kati ya hao wawili: fundi cherehani anayetaka kufumua mshono, au mtoto anayetaka kuchonga penseli. Mara moja moja huja mama wa kukata kucha za mwanawe, au binti wa kutengeneza nyusi. Nilipojibu, "Wa ndevu, Mangi," ndipo alipoinua kichwa. Akanitazama kidevuni, akatabasamu, akasema marehemu baba yake alikuwa akinyolea huo huo. Akanipa pakiti nzima ya nyembe tano. Fedha niliyolipa isingetosha kununua hata kimoja cha vile vichwa vya kupachika nilivyokuwa nikivitumia kwa miaka kumi na mitano.

Huu ni mwaka wa pili sasa tangu siku ile. Nimeachana na vichwa vyenye nyembe tatu, nne na tano zilizojengewa ndani ya plastiki, nimerudi kwenye mashine ya wembe: ile ya chuma, yenye mpini mfupi, kofia inayofungwa kwa kuzungusha, na wembe mmoja wenye makali pande mbili. Wazee wetu waliijua vizuri. Naandika makala haya kwa sababu ya jambo moja nililoligundua nilipoanza safari hii. Kifaa hiki hakikuwahi kutuacha. Nusu yake, tena ile nusu ngumu kutengenezwa, imekaa dukani kwa Mangi miaka yote hii, kwa bei ya pipi chache. Kilichotoweka majumbani mwetu ni mpini, na pamoja na mpini ukatoweka mkono mwepesi wa kuushika.

Wapenzi wa mpira wana msemo wao, "wembe ni ule ule". Timu iliyomnyoa mmoja hutamba nao ikimsubiri mwingine. Mimi nauchukua msemo huo kama ulivyo, maana kwa habari ya wembe wenyewe ni kweli tupu.

Vipele vya shingoni

Mwanamume mwenye ndevu za kipilipili anaijua hadithi hii kwa kuipapasa. Unanyoa jioni, ngozi inang'aa. Kesho yake kola ya shati inaanza kuwasha. Siku ya tatu vipele vimejipanga chini ya taya, vingine vina usaha, vingine vikipona vinaacha alama nyeusi zinazokaa miezi. Vyangu vilifika mahali kinyozi wangu akawa hapitishi tena mashine upande ule wa shingo, akihofia kuvitonesha. Kila baada ya kunyolewa nilipakwa spiriti, nikauma meno, nikaamini kwamba maumivu yale ndiyo dawa.

Madaktari wa ngozi wanalijua tatizo hili na wana maelezo yake. Unywele wa kipilipili hautoki ngozini ukiwa umesimama. Hutoka umelala, kwa sababu umejikunja tangu kwenye shina lake huko chini. Sasa, kichwa chenye nyembe nyingi hufanya kazi kwa kupokezana: wembe wa mbele huunasa udevu na kuuvuta juu kidogo, na kabla haujarudi mahali pake, wembe unaofuata huukata. Udevu uliokatwa ukiwa umevutwa huzama chini ya usawa wa ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka hufurahia, kwani shavu lake hubaki laini hadi kesho. Kwetu sisi ile ncha iliyochongoka huanza kukua ikiwa ndani, ikijikunja kama ilivyozaliwa, na badala ya kupata njia ya kutokea inachoma ukuta wa kinyweleo. Au hutoka, ikajipinda, ikarudi kuichoma ngozi ya jirani. Mwili huipokea ncha hiyo kama unavyoupokea mwiba. Kipele ndiyo dalili ya ugomvi huo.

Wembe mmoja hauna wa kupokezana naye. Hukata udevu pale unapokutana nao, ukaendelea na safari. Kwangu mimi vipele vilianza kupungua mwezi wa pili, na alama nyeusi zikafifia polepole baada ya hapo. Hata hivyo sitaki kumwahidi msomaji nisichoweza kumpa. Mashine ya wembe si dawa. Wapo ambao ngozi zao hazivumilii wembe wa namna yoyote, na lililo jema kwao ni kufuga ndevu, au kuzipunguza kwa mashine ya umeme inayobakiza kiasi kidogo juu ya ngozi. Vipele vinavyojaa usaha kila mara, au vinavyoacha uvimbe mgumu unaoendelea kukua, ni vya kupelekwa kwa daktari wa ngozi.

Mchuuzi wa vizibo

Mtu aliyetuletea wembe huu alikuwa akiuza vizibo vya chupa. King Camp Gillette alizaliwa mwaka 1855 katika jimbo la Wisconsin, Marekani, na alipofika umri wa makamo alikuwa mchuuzi wa kampuni ya William Painter, mvumbuzi wa kile kizibo cha bati chenye meno pembeni ambacho hadi leo tunakibandua kwenye chupa ya soda. Inasimuliwa kwamba Painter alimpa ushauri: buni kitu ambacho watu watakitumia, watakitupa, kisha watarudi kununua kingine. Gillette alikaa na maneno hayo hadi asubuhi moja ya mwaka 1895, aliposimama mbele ya kioo akiwa na wembe uliokwisha makali kiasi cha kuhitaji kurudishwa kwa mnoaji.

Wembe wa zama zile ulikuwa pande la chuma kilichofuliwa, unaokunjwa ndani ya kishikio chake. Ulitaka kinoo, ulitaka ukanda wa ngozi wa kuusugulia kila asubuhi, na ulitaka mtu anayejua anachokifanya. Mashine zenye kinga ya kuzuia kukatwa sana zilikuwepo tayari. Ndugu wa ukoo wa Kampfe walisajili ya kwao Marekani mwaka 1880. Lakini wembe uliokaa ndani yake ulikuwa bado mnene na bado unanolewa. Gillette alitaka kipande chembamba cha chuma, cha bei ndogo, ambacho hakuna mtu atakayehangaika kukinoa.

Wajuzi wa chuma walimwambia haiwezekani. Chuma chembamba kiasi hicho, walisema, hakiwezi kutiwa ugumu na makali ya kunyolea. Miaka sita ikapita, mpaka William Nickerson, mhandisi aliyesoma katika chuo cha MIT, alipoipata njia. Kampuni ikaanzishwa Boston mwaka 1901. Mwaka 1903, mauzo yalipoanza, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilipita 90,000, na tarehe 15 Novemba 1904 Gillette akapewa hati miliki namba 775,134.

Ujanja wake unaweza kuujaribu sasa hivi kwa kipande cha karatasi. Kishike ncha moja: kinalegea na kuinama. Kikunje kidogo kwa urefu, kama mfereji wa kukinga maji ya mvua: kinasimama. Wembe una unene wa takriban milimita 0.1, karibu sawa na unene wa unywele mmoja, na ukiwa peke yake unapinda kati ya vidole. Unapoubana katikati ya kofia na bamba la chini la mashine, unapindwa kama ile karatasi, ukakakamaa. Ugumu wake unatoka kwenye mashine, wala si kwenye unene. Ndiyo maana naona kosa kuuita mpini kishikio tu. Mpini na kofia yake ndivyo vinavyoligeuza bati lile kuwa wembe wa kunyolea.

Vita Kuu ya Kwanza ikamaliza kazi. Jeshi la Marekani liliwagawia askari wake mashine milioni 3.5 na zaidi ya nyembe milioni 30. Barakoa ya kuzuia gesi ya sumu haishiki vizuri uso wenye ndevu, kwa hiyo kunyoa kila siku likawa jambo la uhai. Vijana wale walirudi makwao na mashine mifukoni, pamoja na mazoea ya kujinyoa wenyewe bila kwenda kwa kinyozi.

Mwaka 1930 kampuni ya Gillette iliungana na mshindani wake, AutoStrop ya Henry Gaisman, na kutoka kwenye muungano huo likaja lile tundu refu la katikati ya wembe, lenye mapengo yake, ambalo kila mtoto aliyewahi kuchonga penseli analifahamu. Halijabadilika tangu wakati huo. Kilichobadilika ni chuma chenyewe: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wilkinson Sword ya Uingereza iliingiza sokoni nyembe za chuma kisichoshika kutu, zilizopakwa utando wa kuzifanya ziteleze, na viwanda vingine vikafuata. Hizo ndizo tunazozitumia hadi leo.

Mpini ulipopotelea

Kitu ambacho kila kiwanda kinaweza kukitengeneza hakina faida nono. Hati miliki za mwanzo zilipokwisha muda, wembe ukawa mali ya ulimwengu. Unatengenezwa Misri, Uturuki, Pakistan, India, Urusi na Japan, na wa kiwanda chochote kati ya hivyo unaingia kwenye mashine ya kiwanda chochote. Niliwahi kuweka wembe wa Misri kwenye mashine iliyotoka China na ukakaa kama vilivyozaliwa pamoja.

Njia ya kupata faida tena ilikuwa kutengeneza kichwa kinachoingia kwenye mpini wake mwenyewe tu. Mwaka 1971 kikaja kichwa cha nyembe mbili, Trac II. Mwaka 1998 kikaja cha tatu, Mach3. Mwaka 2003 Quattro ya Schick ikafika nyembe nne, na mwaka 2006 Fusion ikafika tano. Katikati ya hapo, mwaka 1975, kampuni ya BIC ilileta kiwembe cha plastiki cha kutumia na kutupa kizima kizima, mpini na yote. Hicho ndicho kilichotufikia wengi wetu.

Kwetu kulikuwa na sababu nyingine pia, nayo ilikuwa nzito. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Kampeni zilizofuata zilitufundisha tusichangie vitu vyenye ncha kali, na wembe ulitajwa wa kwanza. Lilikuwa fundisho sahihi na liliokoa maisha. Vinyozi wakahamia kwenye mashine za umeme, na mteja akajifunza kudai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yake. Nadhani hata hivyo wengi wetu tulivuka mpaka bila kujua. Tulianza kwa kuuogopa wembe wa kuchangia, tukaishia kuuogopa wembe wenyewe, tukauona kitu cha ushamba na hatari. Yule mzee aliyekuwa na mashine yake mwenyewe, wembe wake mwenyewe na kikombe chake cha maji ya moto hakuwa na kosa lolote. Alipofariki hakuna aliyeulizia mashine yake.

Wembe wenyewe uliendelea na kazi nyingine. Umeendelea kunyoa nywele za mtoto siku ya akika, na kuwanyoa wafiwa katika makabila yetu mengi. Umeendelea kukatwa nusu na kuingizwa kwenye kishikio cha kinyozi anayechonga mstari wa paji la uso. Pakiti za Nacet na Topaz zimeendelea kukaa rafuni karibu na viberiti na mishumaa. Ni ndevu tu zilizosahauliwa.

Somo nililopewa na fundi cherehani

Wiki yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilijikata chini ya pua, nikajikata juu ya koromeo, nikajikata mara mbili kwenye pembe ya taya. Siku ya nne nilikwenda kazini na vipande vya karatasi laini vimeganda kidevuni, na jioni nikawa nimeshaamua kurudi kwenye plastiki.

Nikapita kwa fundi kuchukua suruali. Nilimkuta anafumua mshono wa koti la zamani alilopewa alipunguze. Nikasimama kumtazama, na kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho nilikuwa nimekipita maisha yangu yote. Alishika wembe kwa vidole viwili, bila kuubana. Mkono wa kushoto ulivuta kitambaa kidogo tu, uzi ukakaza. Makali yakagusa uzi, uzi ukaachia, na wembe ukasogea kwenye uzi unaofuata. Kitambaa, kile cha sufi nyembamba kinachochanika kwa kukitazama, hakikupata hata alama.

Nilimuuliza anawezaje. Akanijibu huku mikono ikiendelea. "Ukikandamiza umechana nguo ya watu, kaka. Wembe unakata wenyewe. Wewe uonyeshe njia tu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Kosa langu lilikuwa la miaka kumi na mitano. Kichwa cha plastiki kina nyembe nyingi na kinanesa, kwa hiyo kinavumilia mkono mzito. Kadiri makali yanavyokwisha ndivyo unavyokandamiza zaidi, nacho kinakusamehe kwa kukupa vipele badala ya damu. Mashine ya chuma haihitaji kusukumwa. Uzito wake unatosha. Asubuhi iliyofuata niliishika karibu na mwisho wa mpini, kwa ncha za vidole, nikaiacha ishuke yenyewe shavuni. Nilisikia sauti nisiyowahi kuisikia nikinyoa, mchakacho mwembamba kama wa mtu anayekata karatasi chumba cha pili. Ni ndevu zikikatwa bila kuvutwa. Sikutoka damu.

Namna ya kunyoa

Anza na maji. Udevu mkavu ni mgumu kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Gianluca Roscioli na Cem Tasan pamoja na mwenzao, walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu swali linaloonekana dogo: iweje unywele, ulio laini kuliko chuma mara 50 hivi, uuharibu wembe? Roscioli alinyoa ndevu zake mwenyewe na kuupeleka wembe kwenye hadubini ya elektroni. Waligundua kwamba makali hayalainiki polepole kama wengi tulivyodhani. Humeguka. Unywele ukipinda na kuyakuta makali kwa ubavu, mahali ambapo chuma hakilingani uimara, kipande kidogo sana hung'oka.

Maji ndiyo kinga ya kwanza, kwa sababu udevu ukinywa maji hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Basi nyoa baada ya kuoga, au funika uso kwa taulo lililochovywa maji ya moto kwa dakika 2 au 3. Kisha povu. Sabuni ya kunyolea na brashi ni bora, kwa kuwa brashi inapozungushwa huziinua ndevu na kupeleka povu hadi kwenye mashina yake. Povu linalofaa ni zito na lenye unyevu, mfano wa maziwa mgando. Likiwa na mapovu makubwa yanayopasuka, ongeza sabuni, na likikauka usoni, ongeza maji.

Kabla ya kushika mashine, zijue ndevu zako. Pitisha kiganja shavuni kwenda chini, kisha juu, kisha kando. Upande unaoteleza ndiko ndevu zinakoelekea. Usidhani ni chini kila mahali. Shingoni wengi wetu ndevu huelekea kando, au hupanda juu, na hapo ndipo vipele huzaliwa, kwa sababu tunanyoa kinyume bila kujua.

Sasa pembe. Laza kofia ya mashine shavuni, mpini ukitazama mbali na uso. Shusha mpini taratibu mpaka makali yaguse ngozi. Hapo umefika kwenye nyuzi 30 au karibu yake, na hapo ndipo pa kukaa. Nyoa kwa mipito mifupi, ya upana wa vidole viwili, ukifuata ndevu zinakoelekea, na suuza mashine kila baada ya mipito michache. Usiivute ngozi kwa nguvu, maana kuivuta ni kurudisha kile tulichokikimbia: udevu utakatwa ukiwa umeinuliwa na kuzama chini. Ukitaka usafi zaidi, paka povu upya na upite mara ya pili kwa mshazari. Kunyoa kinyume cha ndevu mwachie asiye na vipele.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi. Kama kuna mahali panapotoa damu kidogo, lowesha jiwe la shabu na ulipitishe hapo. Ni shabu ile ile nyeupe, yenye kung'aa kama barafu, inayouzwa na wauza viungo sokoni Kariakoo na ambayo watu wa pwani huitumia kwapani. Hukaza ngozi na kusimamisha damu ya mikato midogo. Mimi nimeacha kabisa spiriti. Natumia shabu, na baada yake mafuta mepesi.

Kuhusu mashine yenyewe, usitafute ya fahari. Iliyo nzito kiasi, ya shaba ya njano au ya chuma kisichoshika kutu, yenye ukingo ulionyooka badala ya meno ya kitana, inamfaa anayeanza. Ya shaba njano ikitunzwa itakuzidi umri. Ukisafiri kwa ndege, nyembe weka kwenye mzigo unaopita chini. Hazikubaliwi kwenye mkoba wa mkononi.

Wembe mmoja, mtu mmoja

Fundisho la miaka ya themanini na tisini halijafutwa na lolote nililoandika hapa. Wembe ni wa mtu mmoja. Hauazimwi kwa ndugu, hauazimwi kwa mke, hauazimwi kwa mgeni aliyelala. Si kwa sababu ya virusi vya UKIMWI pekee. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata kama damu imekauka na haionekani kwa macho. Mashine nayo iwe ya mtu mmoja. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda azungumze kwanza na daktari wake.

Na wembe uliokwisha usitupwe ovyo. Nyumba nyingi za zamani huko Marekani zilikuwa na mwanya mwembamba nyuma ya kabati la bafuni. Mtu alidumbukiza wembe humo, ukaangukia ndani ya ukuta, na wanaobomoa nyumba hizo leo hukutana na marundo yake. Kwetu uliishia jalalani, na aliyekutana nao alikuwa mtoto anayecheza au mwokota chupa anayechambua taka kwa mikono mitupu. Chukua kopo tupu la maziwa, toboa mwanya kwenye mfuniko, ufunge kwa gundi usifunguke tena. Kila wembe uliokwisha upitie hapo. Kopo moja litakuchukua miaka mingi.

Milimita tatu

Miaka mingi kiasi gani? Nilipiga hesabu. Nanyoa mara tatu kwa wiki, na wembe mmoja naunyolea mara tano kabla ya kuutupa. Kwa mwaka mzima natumia nyembe 31 au 32. Ukizipanga moja juu ya nyingine, unene wake ni milimita tatu na kidogo. Huo ndio mzigo wote ambao ndevu zangu za mwaka zinauachia mji huu, tena ni chuma kitupu. Zamani nilikuwa najaza mfuko kwa vichwa vya plastiki vilivyogandamana na chuma na mpira, vitu ambavyo hakuna mnunuzi wa chakavu anayehangaika kuvitenganisha.

Faida ya bei ndogo haiishii mfukoni, na hili lilinichukua muda kuliona. Kichwa cha bei kubwa nilikuwa nakionea uchungu. Nilikinyolea wiki tatu, wiki nne, kikawa kinang'oa badala ya kukata, na bado nilikikandamiza usoni kwa sababu sikutaka kununua kingine. Wembe wa Mangi siuonei uchungu. Ukianza kuvuta, nautupa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo ndiye hasa anayeweza kunyoa kila mara kwa makali mapya, mradi awe na mpini. Gharama ya mpini hulipwa mara moja tu.

Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na saba na kivuli kimeanza kumwota juu ya mdomo. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, wakimaanisha aonje mwenyewe ubishi wake unakompeleka. Wangu hakuulilia. Alikuja asubuhi moja akasimama mlangoni mwa bafu, akatazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, mbona husukumi?" Nilimpa mashine isiyo na wembe ndani yake, nikampaka povu, nikamwambia anyoe hivyo hivyo kwa wiki moja mpaka mkono ujue uzito wake. Wiki ilipokwisha nilimtuma dukani akanunue nyembe zake mwenyewe.

Aliporudi nilimuuliza Mangi alimwambia nini. Akasema Mangi alimuuliza swali moja tu, mkono ukiwa kwenye kikopo: "Wa fundi, wa mwanafunzi, au wa ndevu?"